Barua kwa mwanangu aliyeko Nkuhungu

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mama yako naye asikie. Unasema kanisa limekupitisha kwenda kusoma theolojia Msalato, ila nafasi ni mwakani, na baada ya chuo kuna ushemasi kabla ya ukasisi. Kisha unauliza: "Baba, nianze kuhudumu sasa, au nitulie mpaka niwekewe mikono, nisionekane najipandisha?"

Anza sasa. Neno hili nalisema kwa uchungu.

Mwaka wangu wa kwanza wa ukatekista, wewe hujazaliwa, mchungaji wetu alikuwa na mitaa saba na baiskeli moja. Kwetu alifika labda mara moja kwa miezi miwili. Januari moja, mvua zimekolea, mzee mmoja akazidiwa. Mkewe akaja kuniita jioni. Mimi nikaona kumwombea mtu anayekata roho ni kazi ya mwenye kola. Nikamwambia mama yule avumilie, nikamtuma kijana akamwite mchungaji. Njia nzima ilikuwa matope, korongo limejaa. Kijana akarudi alfajiri peke yake, na mzee alikuwa ameshafariki. Hakuna aliyemsomea hata Zaburi ya 23, na Biblia ilikuwa mezani kwangu, nyumba ya tatu kutoka kwake. Mjane wake hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Soma tena Matendo 13. Siku Roho aliposema, "Nitengeeni Barnaba na Sauli," hao wawili hawakuwa wamekaa wakingoja. Walikuwa wamefundisha Antiokia mwaka mzima, na njaa ilipotabiriwa ndio waliopeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi. Sisi Wagogo tunajua maana ya mtu anayekufikia na chakula wakati wa njaa. Kanisa liliweka mikono juu ya watu ambao kazi yao lilikuwa limeiona. Paulo naye anamwandikia Timotheo kuhusu mashemasi: "wajaribiwe kwanza." Watajaribiwa kwa lipi, kama wamekaa tu?

Mipaka ipo, nayo usiivuke hata watu wakikusukuma. Na watakusukuma, hasa mahali mchungaji anapochelewa. Kubariki mkate na divai, kutangaza ondoleo la dhambi, kufungisha ndoa: hayo mwachie kasisi. Lakini kuongoza Sala ya Asubuhi, kufundisha darasa la kipaimara, kuhubiri ukiruhusiwa, kusimamia mazishi mchungaji akiwa mbali, hayo makatekista wamebeba tangu zamani. Huku kwetu Jumapili nyingi ibada huongozwa na katekista, wala hakuna anayeona kanisa limepungukiwa. Na mtoto akiwa mahututi, kasisi hayupo, Mkristo yeyote aweza kumbatiza kwa maji kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, kisha amwarifu kasisi.

Kuhusu kujipandisha, nenda kwa kasisi wako wiki hii. Usimwambie unataka kuhubiri. Mwulize ni kazi gani haina mtu. Nadhani atakutaja shule ya Jumapili, maana vijana wenye ajira huikimbia, au wagonjwa waliolazwa hospitali ya General ambao ndugu zao wako mbali. Akikupa hiyo ya wagonjwa, ipokee kwa mikono miwili. Nendeni wawili, msikae sana, na umuulize mgonjwa jina lake kabla hujafungua Biblia.

Huku uwele umeshika vizuri, mama yako anakusalimu. Yule mjane bado yu hai, macho yamemwishia. Kila Alhamisi mimi huenda kumsomea Biblia. Ukija Pasaka tutakwenda wote, na siku hiyo utasoma wewe.

Baba yako,
Hombolo