Re: Kuku wanaharisha kijani na kupinda shingo

Pole sana mkuu. Kuharisha kijani, mabawa kushuka, shingo kupinda, halafu kumi wameondoka ndani ya siku tatu: hizo ni dalili za mdondo, wengine tunauita kideri. Kitunguu saumu ulichowapa hakitaponya, dawa yake haipo. Waliokufa choma au fukia kwenye shimo refu. Walio wazima mwite mtaalamu wa mifugo awachanje: tone moja jichoni, unasubiri kuku apepese ndipo unamwachia, na unarudia kila miezi mitatu. Mimi huwakamata alfajiri kabla sijafungua banda. Mchana utakimbizana nao mtaa mzima. Na jirani naye achanje siku hiyohiyo, maana kuku wenu wanachakura jalala moja.