Treni Haigongi Mara Mbili: Kwa Mnaoanza Kupiga Video Lamu

Wadogo zangu mnaoingia kazi ya video huniuliza wanunue kamera gani. Mimi huwaambia kwanza waitazame The Fugitive ya mwaka 1993, kisha wafuatilie ilivyotengenezwa. Ni filamu ya Andrew Davis iliyotokana na mfululizo wa televisheni ya Marekani wa 1963 hadi 1967: daktari anasingiziwa kumuua mkewe, anatoroka, anasakwa.

Anapata upenyo treni inapoligonga basi la wafungwa. Wengi hudhani ni ujanja wa kompyuta. Ile ni treni ya kweli na basi la kweli, karibu na Dillsboro, North Carolina, na waligongesha mara moja tu. Mabaki yapo kando ya reli mpaka leo. Kwa kuwa hapakuwa na kurudia, walitega kamera nyingi, kila moja na pembe yake. Harrison Ford, anayeigiza daktari, naye hakusimama mbele ya treni: kuruka kwake kulipigwa kando, picha zikaunganishwa baadaye. Ukiipenda kazi hii, hapo ndipo utaona akili ilipotumika, kabla hata kamera haijawashwa.

Sasa njoo kwenye mashindano ya mashua. Mashua ikifika kwenye boya na mabaharia wakaanza kuizungusha foromali, ule mti unaobeba tanga, upande wa pili wa mlingoti, tanga linapiga kelele, watu wanarukia ubavu wa pili wasizame, na jambo lote limekwisha kabla hujavuta pumzi. Nahodha hatakurudishia. Kwa hiyo nenda siku moja kabla, uliza boya litawekwa wapi, upepo unatoka wapi, maji yatakuwa yanajaa au yanakupwa saa hiyo. Mwenzako mmoja awe ndani ya boti, wewe baki ukingoni. Mkikaa wote pamoja mtaleta picha ileile mara mbili.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya Chicago. Daktari anajichanganya kwenye maandamano ya Mtakatifu Patrick, na yale yalikuwa maandamano yenyewe ya mji. Ruhusa ilikuwepo, ila umati haukupangwa; mpiga kamera aliwafuata waigizaji humo humo, kamera mkononi. Davis ni mwana wa Chicago, anaijua mitaa yake.

Nawe ni mwana wa Lamu. Zefe la Maulidi, yale maandamano ya kaswida mitaani, unalijua tangu utotoni: unajua kichochoro kipi kitabana na wapi matwari, yaani ngoma za mkononi, yatasimama kidogo kabla ya kuendelea. Mgeni mwenye kamera ya bei kubwa hana hilo. Litumie, lakini kwa adabu. Waone wazee wa Msikiti wa Riyadha mapema, usingoje asubuhi yenyewe. Vaa kanzu na kofia, tembea na watu badala ya kuwarudia kinyumenyume ukiwazuia njia. Kina mama walio juu ya dari au mlangoni usiwaelekezee lenzi bila idhini.

Sauti ipime mbali na matwari kwanza, kisha karibu kabisa, uone kama inapasuka. Watu wengi huipima chumbani kwao, pako kimya, halafu wanarudi na saa nzima ya kaswida isiyosikilizika.