Zahanati ipo, muuguzi analala wapi?

Mbukwenyi wasomaji. Maswali ya safari hii karibu yote yametoka vijijini. Nimechukua matano.

*Shikamoo daktari. Kijiji chetu kipo Bahi. Tulichanga, tukafyatua tofali, boma la zahanati likafika kwenye lenta. Huu mwaka wa nne, wanaolala humo ni mbuzi. Nani wa kumalizia?*

Marahaba, ingawa mimi ni afisa tabibu mstaafu. Udaktari mmenipa ninyi. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 ulitaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Utaratibu uliozoeleka ni wananchi kunyanyua boma, halmashauri ikapaua na kumalizia. Shida ni kwamba maboma ni mengi na mfuko ni mmoja. Boma lisiloandikwa kwenye bajeti halipo, hata kama linaonekana kutoka barabara kuu. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji upite kwa mtendaji, uende Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha diwani aulizwe mradi umeingia au haukuingia. Mwaka wa fedha huanza Julai, lakini makadirio hupikwa miezi mingi kabla. Ukienda Juni, umekuta sufuria zinaoshwa.

Sasa niseme ambalo hukuuliza. Zahanati moja niliyowahi kufanya kazi ilifunguliwa kwa ngoma na vigelegele, nyumba ya mtumishi hakuna. Muuguzi alipanga chumba senta, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Saa tisa alasiri anafunga, anaondoka kabla giza halijamkuta njiani. Kina mama wakaendelea kujifungulia kwa wakunga wa jadi, mita mia tatu kutoka kwenye jengo jipya lenye kufuli, maana uchungu hauangalii saa za kazi. Yule dada alivumilia miezi minane, akaomba uhamisho, nami simlaumu hata kidogo. Kwa hiyo nguvu mliyobaki nayo msiimalizie yote kwenye ukuta wa zahanati. Chimbeni msingi wa nyumba ya muuguzi, na mfikirie tangi la kuvuna maji. Dodoma mvua ni msimu mmoja, na chumba cha kujifungulia kisicho na maji mimi siwezi kukiita chumba cha kujifungulia.

*Kila nikienda zahanati naandikiwa karatasi nikanunue dukani. Dawa za Serikali huwa zinakwenda wapi? Mama, Mpwapwa.*

Mama, usianze na wizi. Upo, sikatai, lakini mara nyingi nilichokiona ni maoteo mabovu, yaani makisio ya dawa zitakazohitajika: mfawidhi, mkuu wa zahanati, yuko peke yake, foleni ndefu, anajaza fomu ya kuagiza kwa kukisia. Mara nyingine Bohari ya Dawa, ghala la Serikali linalosambaza dawa, yenyewe haina. Kwa hilo mkoa wetu ndio ulioonyesha njia: mwaka 2014 Dodoma ilianza mfumo wa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeshindanishwa na mkoa, ambaye vituo hununua kwake kile kilichokosekana Bohari. Baadaye nchi nzima ikafuata. Na tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya, unaochangiwa na wahisani, huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo.

Kwa hiyo swali lako lipeleke kwenye kamati ya usimamizi ya zahanati, ambayo ina wawakilishi wenu wananchi. Waulizwe mbele ya mkutano wa kijiji: robo hii imeingia shilingi ngapi, tuliagiza nini, nini hakikuja? Nimekaa na wajumbe waliokuwa wakiitwa kusaini tu na kunywa soda. Kamati ya namna hiyo hata Bohari ikijaa, ninyi mtaendelea na karatasi.

*Mkwe wangu anatarajia kujifungua Februari. Huku Chemba korongo likijaa, pikipiki haipiti. Tufanyeje?*

Piga 115, ni bure. Huo ndio mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Anayepokea simu hutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, humwita dereva wa jamii aliyeingia mkataba, na malipo yake hutoka serikalini. Asiwadai mafuta.

Ila hakuna dereva wa kuvuka korongo lililofurika. Mhamishieni mapema kwa ndugu aliye karibu na kituo cha afya kinachofanya upasuaji, tangu Januari, hata kama palizi imepamba moto. Akitokwa damu, akiumwa kichwa kisichotulia, akiona ukunguukungu, akivimba uso, au mtoto akipunguza kucheza, msisubiri uchungu. Vifo vya uzazi nchini vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Miongoni mwa wanaobaki humo wamo waliochelewa njiani.

*Nina miaka 67, nimeambiwa nilipie vipimo. Si tuliambiwa wazee bure? Mzee wa Kongwa.*

Shikamoo mzee wangu. Sera ya Afya ya 2007 inasema wa kutibiwa bure ni wazee wa miaka 60 na kuendelea *wasio na uwezo*. Maneno hayo matatu ndiyo yanayowakwamisha wengi dirishani. Anza kwa serikali ya kijiji wakutambue, kisha afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Nenda ukiwa mzima. Barua ya msamaha hutafutwa kwa shida sana mtu akiwa kitandani.

*Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anakuja nyumbani na daftari, hachomi sindano wala hana dawa za maana. Faida yake nini? Chamwino.*

Kuchoma sindano si kazi yake. Anamtafuta mjamzito ambaye hajaanza kliniki, mtoto aliyekosa chanjo, mgonjwa wa kifua kikuu aliyeacha dozi, na kuwapa rufaa. Mpango wao mpya ulizinduliwa Januari 2024. Huyo wako mwambie ukweli akikuuliza nani anakohoa humo ndani zaidi ya wiki mbili.