Polisi aliyempiga mtoto wangu risasi amerudi kazini. Je, dosye imekwisha?

Swali: Jambo Metre. Niko Katuba, hapa Lubumbashi. Mwaka jana polisi alimpiga mtoto wangu risasi ya mguu wakati wa kutawanya watu. Alikamatwa, tukaambiwa anashitakiwa. Sasa namuona na uniforme yake, anaongoza magari kama kawaida. Watu wanasema mambo yamekwisha. Ni kweli?

Jibu: Pole sana, mama. Usiamini ya barabarani kabla hujaona karatasi. Pengine polisi huyo ana uhuru wa muda tu na kesi ingali inaendelea. Na usiende kwa prokirere wa mjini, mwendesha mashitaka wa raia, utapoteza miezi bure: ibara ya 156 ya Katiba inawapeleka polisi, sawa na wanajeshi, mbele ya mahakama za kijeshi. Dosye yako itafute kwa oditora ya kijeshi, ofisi ya mashitaka ya mahakama hizo, au kwa karani wa tribinali ya kijeshi ya garnizoni.

Ukifika, uliza hivi: ni oditeri, yaani mwendesha mashitaka wa kijeshi, aliyeifunga dosye, au ni majaji waliotoa hukumu?

Oditeri akiifunga, hiyo si hukumu. Ni uamuzi wa ofisi, na ushahidi mpya unaweza kuifungua tena, ila muda wa sheria wa kushitaki usiwe umepita. Hapo ndipo familia nyingi zinaanguka. Kupiga na kujeruhi kwa kawaida, adhabu yake haizidi miezi 6, na kosa la namna hiyo linakufa baada ya mwaka 1. Lakini kama jeraha limemwachia mtu ulemavu au limemzuia kufanya kazi, adhabu inafika miaka 5, na muda unakuwa miaka 3. Kwa hiyo hati ya daktari ina uzito mkubwa. Ikiandika tu "jeraha la mguu", haitoshi. Iseme wazi kama mtoto anachechemea, kama goti halikunji, na alikaa muda gani bila kufanya kazi.

Kama ni majaji waliomwachilia kwa hukumu, wakisema hana hatia, mbio! Siku za kukata rufaa ni chache sana mbele ya mahakama ya kijeshi. Oditeri anaweza kukata rufaa juu ya kosa lenyewe. Wewe, kama ulijiandikisha kuwa pati sivili, yaani aliyeumizwa anayedai fidia ndani ya kesi, unakata juu ya fidia tu. Hukumu ikishakuwa ya mwisho, hashitakiwi tena kwa tendo lile lile.

Na fidia? Jaji wa jinai akimwachilia mtu hatoi fidia. Unabaki na mahakama ya madai, kwa vifungu vya 258 na 260 vya Kitabu cha Tatu cha sheria ya madai: cha pili kinamfanya mwajiri, hapa ni Serikali, ajibu kwa makosa ya mtumishi wake akiwa kazini. Ila jaji wa madai hawezi kupinga yale ambayo jaji wa jinai amekwisha kuyakata. Majaji wa jinai wakisema si yeye aliyefyatua, yeye muache. Lakini kama ni polisi mwenzake, Serikali bado unaweza kuishitaki. Ndiyo maana hukumu inasomwa yote, si mstari wa mwisho tu.

Adhabu za kazini ni njia nyingine kabisa. Wakubwa wake wa polisi wanaweza kumwadhibu kwa kutumia silaha kinyume cha amri, hata kama tribinali haikumkuta na hatia.

Na dosye za polisi huamka. Floribert Chebeya, mtetezi wa haki za binadamu, aliuawa mwaka 2010, na polisi wakashitakiwa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kijeshi iliwaachilia baadhi ya washitakiwa, lakini ofisa mmoja mtoro alikamatwa hapa hapa Lubumbashi mwaka 2020, akahukumiwa kifo mwaka 2022.

Kitu kimoja, mama: waambie vijana wa nyumbani wasiweke picha ya polisi huyo kwenye Facebook na kumwita muuaji. Kifungu cha 74 cha sheria ya jinai kinaadhibu kumchafulia mtu jina hadharani, na mtu aliyeachiliwa anaweza pia kumdai fidia pati sivili aliyemshitaki.