Ukisoma Shairi Usione Kitu

"Nasoma ubeti mara tatu, sioni picha yoyote." Lalamiko hili halikauki, na mara nyingi kosa ni lilelile: msomaji anangoja picha ya sinema, kumbe mshororo (mstari wa shairi) unataka ngozi yake au pua yake.

Chukua huu, uliotungwa kwa ajili ya zoezi tu:

*Mkono nikaugusa, baridi kama kisima*

Usome kwa sauti, polepole, upumue penye mkato, baada ya mizani (silabi) 8. Ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, umekupa mkono na mguso, basi. Hujui ni wa nani. Usimvike mwenyewe sura wala nguo. Tulia hapo sekunde tatu nne. Sasa utao, nusu ya pili: baridi. Baridi gani? Si ya upepo. Ya kisima ina unyevu, ina jiwe, ina kina. Ukiinama, sauti yako inakurudia. Hapo mkono ule unaanza kutisha, na kifo hakijatajwa.

Tazama na mpangilio. Kwa nathari, lugha isiyo ya shairi, tungesema "nikaugusa mkono", ila hapa sarufi imeborongwa makusudi, mkono ukatangulia. Wengi huunyoosha mshororo kichwani ili wauelewe, na wakishaunyoosha, vidole vinagusa kabla hawajajua vinagusa nini. Ufuate ulivyo, hata ukikwaruza.

Pembeni, weka herufi kwa penseli: O kwa taswira oni (picha ya kuonekana), S sikivu, G mguso, N mnuso, M muonjo. Ubeti wa mishororo minne ukijaa O tupu, urudie, huenda umeruka kitu. Lakini usilazimishe zote tano zitimie (hilo ni gonjwa la wanaosomea mtihani). Harufu isiyokuwamo usiitie.

Neno gumu litafute kwenye kamusi kwanza, ndipo uwaze, maana picha ya mwanzo haifutiki kirahisi. "Kenda" yaweza kuwa tisa, yaweza kuwa "akaenda": mmoja anaona hesabu, mwenzake anaona mtu anaondoka.

Na kama kichwa hakitoi picha hata chembe, wapo watu wa namna hiyo. Daktari wa neva Adam Zeman na wenzake waliipa hali hiyo jina la afantasia mwaka 2015. Wewe anzia kwenye S. Gonga mizani mezani kwa kidole: nane, mkato, nane.