Staili yako inaanzia kwa fundi

Wasichana wa hapa Kisumu huniuliza sana, dada nguo zako unatoa wapi, na nikiwaambia soko la Kibuye wanadhani nawaficha. Lakini ni Kibuye tu, mitumba ileile kila mtu anachambua, tofauti haiko kwa kibanda, iko kwa kile unafanya na hiyo nguo ukishalipa. Mimi naamini kabisa kuvaa ni sanaa, na msanii ni yule anayeamua, kwa hivyo ukivaa tu venye uliikuta ikining'inia bado hujasema kitu chako.

Anza na kabati yako. Angalia zile nguo umevaa mpaka zikapauka, achana na zile za kupigia picha. Zangu karibu zote ni rangi ya udongo na mikono mipana, sipendi kitu kinanibana mabega, na nikishajua hivyo sokoni sisumbuki, rundo lisilo na langu nalipita.

Ukifika Kibuye nunua kitambaa, usinunue nguo. Watu wanapigania kamera, zile safi za kwanza belo ikifunguliwa, wanaacha magauni makubwa makubwa ya kizamani na huko ndiko kuna pamba na kitani kizuri kwa bei ya chini sana. Igeuze uone mshono umebakisha kitambaa kiasi gani, manake mshono mpana unaweza kufunguliwa nguo ikaongezwa, halafu uinue kwa jua uangalie kwapani na pale pa kukalia, ndipo huisha kwanza. Vifungo visikuzuie, hivyo hubadilishwa.

Na kitenge je? Kuna wale husema ukivaa kitenge basi umeshaonyesha Uafrika wako, umemaliza. Lakini kitenge, kile kitambaa cha kuchapwa kwa nta, kilianza kwa kuiga batiki za Java huko Indonesia, na kampuni ya Vlisco ya Uholanzi iko kwa hii biashara ya vitambaa tangu 1846. Kilichokifanya kikawa chetu ni akina mama waliokichagua, wakakipa majina, na mafundi wakakikata vile wanataka. Mwaka 2004 Kenya ilizindua vazi la taifa, wabunifu walikaa wakachora, na hadi leo mtaani hulioni, watu hawavai kwa kuamuliwa. Basi kitenge chako kiloweke kwanza maji baridi ukianike, pamba hupungua ikioshwa mara ya kwanza, na uongeze nusu yadi ili fundi apange maua yakutane pale kwa vifungo. Shati lenye ua limekatwa nusu kifuani linaonekana hata ukiwa ng'ambo ya barabara.

Sasa fundi. Mpelekee mchoro, hata kama ni mistari tu kwa karatasi ya daftari, usimwonyeshe picha ya simu ukasema nataka hivi, atakushonea nguo ya mwenye picha. Na ukishamwambia, umsikize. Juzi nilipelekea fundi wangu koti la kiume la sufu nyeusi, nikamwambia, "Mama, fupisha mikono halafu ndani uweke leso, nikikunja ionekane." Akapitisha kidole begani polepole, akasema, "Nyathina, huu mkono hatukati chini, vifungo vitapotea. Tunautoa begani, tunafupisha kutoka juu." Ni kazi zaidi na pesa zaidi, nililipa, na vile mkono umekaa sasa hakuna duka lingenipa. Wazo lilikuwa langu lakini koti ni letu wawili, na napenda hivyo.

Usimkimbize pia. Kuanzia Novemba mafundi wanamezwa na harusi na Krismasi, Januari ni yunifomu za shule, kwa hivyo kitu kinachotaka akili peleka Februari au Machi, siku ya wiki, asubuhi kabla wateja hawajajaa, uombe kiti ukae hapo akikata.