Maoni Yako Yaonekane Kwenye Faili

Wauguzi wapya wanaoletwa katika kituo chetu hapa Pwani huniuliza swali lile lile: "Sista, kwani siku hizi sheria ya Kenya inaruhusu kutoa mimba au hairuhusu?" Swali hilo halina jibu la neno moja. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 26(4), inakataza utoaji wa mimba isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Wakati huo huo Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa mkoloni bado inataja kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayetoa mimba kinyume cha sheria na 7 kwa mwanamke mwenyewe.

Katikati ya maandishi hayo mawili, maagizo yamekuwa yakija na kuondoka. Mwongozo wa Wizara ya Afya kuhusu utoaji mimba uliotolewa mwaka 2012 uliondolewa mwaka uliofuata, na mwanzoni mwa 2014 ukaja waraka wa kuwaonya wahudumu wasishiriki hata mafunzo ya utoaji mimba salama. Mwaka 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu, katika kesi iliyohusu msichana aliyebakwa na kufariki baada ya kutolewa mimba kwa njia isiyo salama, walisema kuondolewa kwa mwongozo huo hakukuwa halali. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Malindi nayo ilikemea kukamatwa ovyo kwa wagonjwa na wahudumu. Hukumu za Mahakama Kuu hukatiwa rufaa, kwa hiyo usiende zamu ukitegemea kichwa cha habari kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Muulize wakili wa kaunti au chama chako cha taaluma hali ikoje sasa.

Katika misukosuko yote hiyo, maneno "kwa maoni ya mtaalamu wa afya" yamebaki pale pale kwenye Katiba, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtambua mtaalamu huyo kuwa daktari, muuguzi, mkunga au afisa wa kliniki mwenye mafunzo na leseni halali. Maana yake ni kwamba mzigo umewekwa juu ya maoni yako, na maoni yaliyobaki kichwani mwako hayatakusaidia wewe wala mgonjwa siku yatakapotakiwa. Yaandike saa ile ile unapoyafikia.

Nilimpokea usiku mmoja mama aliyeletwa na wifi yake, leso mbili zimelowa damu, naye akirudia kwa sauti ndogo, "Sista, msituitie polisi." Kwenye faili sikuandika "anatoka damu, ametibiwa," kama tulivyozoea kuandika tukiwa tumechoka. Niliandika saa aliyofika, presha 80 kwa 50, mapigo ya moyo yaliyokuwa mbio, umri wa mimba kwa hesabu yake, mlango wa kizazi uliofunguka wenye mabaki ya mimba, kisha sentensi moja kamili: kwa maoni yangu maisha yake yamo hatarini na anahitaji kusafishwa kizazi sasa hivi. Baadaye alikuja mtu kuuliza maswali, na msimamizi wetu, baada ya kumweleza kwamba siri ya mgonjwa haitolewi bila idhini yake au amri ya mahakama, hakuwa na la kuhangaikia kuhusu kilichoandikwa.

Sikumuuliza mama yule kama mimba ilitoka yenyewe au ilitolewa, ila nilimuuliza kama alikuwa amemeza au kuingiziwa chochote, kwa sababu jibu hilo hubadilisha matibabu. Upelelezi si kazi ya wodi, na kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mwenzangu ambaye dini yake inamzuia kutoa mimba simlaumu, lakini mwanamke anayevuja damu mbele yake ni mgonjwa wake.

Kwa aliyebakwa, saa ndizo zinazobana: dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zianze ndani ya saa 72, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya saa 120, na fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya kubakwa, ijazwe bila kumngojesha aende kituo cha polisi kwanza.

Jambo ambalo wengi husahau ni uzazi wa mpango. Mwanamke anaweza kushika mimba tena hata kabla wiki mbili hazijapita baada ya mimba kutoka, kwa hiyo zungumza naye kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, na uzungumze naye akiwa peke yake, wifi na mume wakiwa nje ya pazia.